"Nimeshang'oa, wewe njoo ubandike tu"

Wiki hii nimeisikia mara ya tatu. Simu inaita, bosi ana furaha: "Fundi, tailizi za zamani nimezing'oa mwenyewe na vijana wangu Jumapili, wewe njoo ubandike tu." Na bei, bila shaka, inatakiwa ishuke. Nikafika Tabata. Tailizi kweli hazipo. Sakafu imebaki kama ganda la fenesi: huku madonge ya gundi, kule mashimo ya tindo, kona moja mota, ule mchanga na saruji wa chini ya tailizi, imegoma kabisa kutoka.

Jamani, tailizi ndiyo sehemu rahisi. Inavunjika, inatoka, kila mtu anafurahi. Kazi ni kilichobaki chini yake.

Kung'oa kwenyewe sina mengi. Miwani na viatu, maana kipande cha tailizi kinakata kama chupa. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Palipolia debe, yaani pana uwazi chini, ndipo pa kuanzia, au mlangoni penye ukingo. Kwangua grauti, ile ya kujazia maungio, kuizunguka tailizi ya kwanza. Tindo ilale, isisimame. Ukiisimamisha unachimba jamvi, yaani zege la sakafu, na kila shimo utalijaza kwa saruji yako. Chooni, ujue kwanza mabomba yamepita wapi. Mara nyingi yamelala ndani ya mota hiyohiyo, na tindo haipigi hodi.

Sasa kinachonikera. Chini ya tailizi unaweza kukuta vitu viwili tofauti, na watu wanaviita vyote "saruji". Kuna mota ya mchanga na saruji, sentimita 3 hadi 5, ndiyo utakayoikuta kwenye nyumba nyingi za zamani. Kuna gundi ya mfuko, milimita chache tu. Gundi unaikwangua mpaka jamvi lionekane, hakuna mjadala. Mota ndiyo yenye maamuzi. Ikilia ngumu kote, naiacha na kusawazisha. Ikilia debe kote, inatoka yote. Shida ni ile ya nusu kwa nusu. Hapo nisikudanganye: nimewahi kuiacha ikakaa miaka, nimewahi kuiacha nikaitwa tena kabla mwaka haujaisha. Siku hizi naitoa, ila sehemu ya sababu ni woga.

Na kabla hujasema itoke, piga hesabu. Mota ya sentimita 4 ina kilo 80 hivi kwa mita moja ya mraba. Ongeza tailizi yenyewe, kilo 20. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni kilo 1,600, yaani uzito wa mifuko 32 ya saruji, na yote inapita mlangoni kwako kwenye viroba. Kama uko ghorofani, usirundike kifusi sehemu moja.

"Si gundi mpya itafunika?" bosi akaniuliza. Haifuniki. Donge la ukubwa wa punje ya mahindi chini ya tailizi ya 60 kwa 60 linaifanya ikae kama kigoda kwenye kokoto. Kona moja inaning'inia, chini yake hewa. Siku mguu wa kitanda ukitua pale, tailizi inapasuka, na lawama ni kwamba fundi alibania gundi. Mimi hulaza rula ya mita 2 na kuizungusha kila upande. Upenyo ukizidi milimita 3, hatubandiki. Kisha nadondosha maji. Yakinywewa, sawa. Yakikaa juu kama kwenye jani la mgimbi, kuna gundi kuukuu, rangi au nta, na gundi mpya haitashika hapo.

Vumbi nalo. Grinda kavu inatoa vumbi la silika, linaloharibu mapafu polepole bila kukustua siku hiyo. Khanga usoni haizuii kitu. Tafuta barakoa ya N95, na ukivunja kwa tindo nyunyiza maji sakafuni (sakafuni, si kwenye grinda ya umeme).

Kubandika juu ya za zamani? Inawezekana, nami hufanya, kama zote zimeshika, zimekwaruzwa vizuri na mlango una nafasi. Wanaosema ni mwiko kabisa wanatia chumvi.

Pale Tabata tulikwangua siku mbili na nusu. Kubandika, siku moja. Bosi bado anauliza kwa nini bei haikushuka.