Bobby Fischer na malkia wawili

Kila ninapopokea kundi jipya la watoto wa kuwafundisha sataranji, kuna siku napanga kete ubaoni kutoka katikati ya mchezo mmoja wa zamani, nawaambia zamu ni ya nyeusi, kisha nanyamaza. Kila mraba wa ubao una jina la herufi na namba: askofu mweupe yuko c5 na anamlenga malkia mweusi aliye b6. Watoto hawachelewi. "Mwalimu, malkia analiwa! Mtoe!" Wanabishana tu mraba wa kumkimbizia, huyu anataka c7, yule d8. Nawaacha wabishane hadi wachoke, halafu namshika askofu mweusi ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye, namtoa g4 namweka e6. Malkia namwacha palepale aliwe.

Kimya kinachofuata nakipenda sana.

Hatua hiyo ilichezwa New York tarehe 17 Oktoba 1956, katika klabu ya Marshall, kwenye mashindano ya Rosenwald. Nyeupe alikuwa Donald Byrne, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Marekani. Nyeusi alikuwa Bobby Fischer wa Brooklyn, mwenye umri wa miaka 13. Mwandishi Hans Kmoch aliuita Mchezo wa Karne, na jina hilo halijabanduka mpaka leo.

Tuuangalie kidogo, kwa sababu wengi wanausifia bila kuuelewa. Mfalme wa Byrne alikuwa bado katikati ya ubao, hajajikinga. Badala ya kumhifadhi, Byrne alitumia hatua ya 11 kumsogeza mara ya pili askofu yuleyule aliyekwisha kumtoa. Fischer akajibu kwa kumrusha farasi ukingoni, a4, mahali ambapo sisi walimu tunawakataza watoto kumweka. Farasi yule alikuwa chambo. Byrne angemla, farasi wa pili angeruka e4 na kuwatisha malkia na askofu wa nyeupe kwa pamoja. Byrne aliiona hatari hiyo, akamsogeza malkia wake a3. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na kufikia hatua ya 16 ngome ya Fischer ilikuwa imempa mfalme cheki ya kwanza, yaani kumshambulia moja kwa moja, kwenye safu ya e.

Sasa turudi kwa askofu aliyehamia e6. Naye anamlenga askofu mweupe wa c4. Byrne akimla huyo wa e6, malkia mweusi anaruka b5 na kutoa cheki, farasi anaingia e2, kisha g3 kwa cheki mbili kwa mpigo, malkia anajitoa f1, ngome inalazimika kumla, na farasi anarudi e2: chekimeti, mfalme amebanwa na jeshi lake mwenyewe. Byrne akaona afadhali amle malkia. Hapo farasi wa Fischer akaanza kupanda na kushuka kama mchi kinuni. E2, cheki. D4, anamla askari, cheki. E2 tena, cheki. C3, cheki. Mfalme mweupe anahama g1 na f1, g1 na f1, hana pa kwenda. Vumbi lilipotulia, malkia mmoja alikuwa amelipiwa ngome, maaskofu wawili na askari juu yake.

Kuna kitu huwaonyesha watoto kwa kidole. Hatua ya 32 malkia wa Byrne alikwenda b8, na hakuhama tena. Kuanzia hatua ya 35 ngome, maaskofu wawili na farasi wa Fischer walimsukuma mfalme mweupe kutoka g1 hadi c1, mraba kwa mraba, mpaka chekimeti ya hatua ya 41. Kete yenye nguvu kuliko zote ubaoni ilikuwa imesimama pembeni bila kazi. Byrne alistahili heshima pia, maana angeweza kujisalimisha mapema, lakini alimwachia mtoto amalizie kazi yake ubaoni.

Masimulizi mengi huishia hapo, na ndipo mimi naanza kutofautiana nayo. Fungua jedwali la mashindano yale ya Rosenwald. Fischer alipata pointi 4.5 katika michezo 11. Aliyeshinda mashindano ni Samuel Reshevsky, na mtoto wa Mchezo wa Karne alikuwa nusu ya chini ya jedwali. Chini ya miaka miwili baadaye, Septemba 1958, mtoto huyohuyo alikuwa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa sataranji. Mimi kama mwalimu, kinachonikosesha usingizi ni miezi hiyo iliyo katikati, kuliko hata malkia aliyeachwa aliwe.

Ili kuielewa lazima turudi nyuma kwanza, kwa malkia mwingine.

Fischer alizaliwa Chicago tarehe 9 Machi 1943. Mama yake, Regina, aliwalea yeye na dada yake Joan peke yake, kwa kazi za kubangaiza na kuhamahama. Mwaka 1949 Joan alinunua seti ya sataranji kwenye duka la pipi chini ya nyumba waliyopanga, na wawili hao wakajifunza kwa kusoma karatasi ya maelekezo. Joan alichoka upesi. Bobby hakuchoka, akawa anacheza dhidi yake mwenyewe. Walipohamia Brooklyn, Regina aliliandikia gazeti la mtaa kutafuta watoto wa umri wake wa kucheza naye, na barua hiyo ikamfikia mzee Hermann Helms, mwandishi wa sataranji. Helms akamjibu amlete mtoto maktaba ya Brooklyn, bwana mmoja hodari angecheza na watu wengi kwa wakati mmoja.

Siku ile, Januari 1951, bwana huyo alikuwa Max Pavey. Fischer alikuwa na miaka 7. Alidumu kama robo saa hivi, Pavey akamla malkia, na mtoto akaangua kilio mbele ya watu.

Basi, malkia wa kwanza alimliza, na wa pili, miaka mitano na miezi kadhaa baadaye, alimtoa kwa hiari yake. Kati ya hao wawili kuna kazi, na kazi hiyo ina majina. Kuna Carmine Nigro, rais wa klabu ya Brooklyn, aliyemwona akishindwa na Pavey, akamkaribisha klabuni na kumfundisha. Kuna rafu za vitabu vya sataranji katika maktaba za mji. Kuna klabu ya Manhattan, aliyojiunga nayo mwaka 1955. Na kuanzia 1956 kuna nyumba ya Jack Collins.

Collins alikuwa mlemavu wa miguu aliyetumia kiti cha magurudumu, akiishi na dada yake Ethel karibu na shule ya Erasmus Hall ambako Fischer alisoma. Nyumba yake ilikuwa klabu, maktaba na baraza kwa pamoja. Mtoto alikwenda pale saa ya chakula cha mchana, akarudi baada ya masomo, akabaki hadi usiku. Alicheza michezo ya haraka mamia kwa mamia, alisoma, alibishana na watu wazima wenye vyeo. Hata ndugu wa Byrne, Donald na Robert, walikuwa watu wa nyumba hiyo, na kijana William Lombardy pia. Sisi wa pwani tunaolijua baraza la bao hatushangai. Fundi hatoki kwenye kitabu peke yake, hutoka pale anapoketi kila jioni na waliomzidi, akachekwa, akarudi kesho.

Jambo la pili ni Kirusi. Miaka ile Wasovieti ndio waliokuwa mbele, na walichogundua walikichapisha kwenye magazeti yao. Regina alikijua Kirusi, maana alisomea udaktari Moscow miaka ya 1930. Bobby alijifunza kiasi cha kumtosha kusoma michezo na maelezo yake. Vijana wenzake Marekani walisubiri tafsiri, yeye alikuwa ameshaona. Nawasihi wazazi wanaoniletea watoto: kabla ya kuuliza mtoto ana kipaji kiasi gani, ulizeni anasoma nini na anacheza na nani.

Mwaka 1957 ulikuwa wa kupigwa na kupiga. Machi alicheza michezo miwili na Max Euwe, bingwa wa zamani wa dunia kutoka Uholanzi, akapoteza mmoja na kutoa sare mmoja. Julai, San Francisco, alitwaa ubingwa wa vijana wa Marekani kwa pointi 8.5 kati ya 9. Agosti, Cleveland, alitwaa mashindano ya wazi ya Marekani kwa 10 kati ya 12. Septemba alimshinda Mfilipino Rodolfo Tan Cardoso katika pambano la michezo minane, 6 kwa 2.

Kisha ukaja ubingwa wa taifa wenyewe, Desemba 1957 hadi Januari 1958. Reshevsky alikuwemo, Lombardy alikuwemo. Fischer hakupoteza mchezo hata mmoja: alishinda 8, akatoa sare 5, pointi 10.5 kati ya 13. Siku ya mwisho yeye alikubali sare mapema na Abe Turner, na macho yote yakahamia kwa Reshevsky, ambaye angeshinda angemfikia. Aliyemzuia Reshevsky, tena kwa kumshinda, ni Lombardy, yule kijana wa nyumbani kwa Collins. Hivyo Fischer akawa bingwa wa Marekani akiwa na miaka 14, na hajatokea mdogo kuliko yeye tangu hapo.

Ubingwa huo ulimpa nafasi ya Portorož, Yugoslavia, katika mashindano ya kuwatafuta watakaowania haki ya kumkabili bingwa wa dunia. Njiani alipitia Moscow na Joan, kwa tiketi alizopata katika kipindi cha televisheni. Katika klabu kuu ya sataranji ya mji ule aliwapiga vijana kwenye michezo ya haraka, mpaka akaitwa grandmasta wa Kisovieti Tigran Petrosian aje kumtuliza, naye akamtuliza. Mtoto alitaka kucheza na Botvinnik, bingwa wa dunia wa wakati ule, hakupewa, akanuna. Hapo tayari unaiona tabia ambayo baadaye ingemharibia mengi. Maneno ya chuki aliyoyasema ukubwani yananiumiza, na siwafundishi watoto wamwige yeye kama mtu. Nawafundisha miaka hii tu.

Portorož, Agosti na Septemba 1958, ilikuwa na wachezaji 21, na sita wa kwanza ndio wangepita. Fischer alisema mapema angetoa sare na wakubwa na kuwapiga walio dhaifu. Watu walicheka. Alitoa sare 12, akashinda 6, akapoteza 2 kwa Benko na Ólafsson. Pointi 12 kati ya 20, nafasi ya tano sawa na Ólafsson. Mshindi alikuwa Mikhail Tal.

Mchezo mmoja wa pale nauweka kando ya ule wa Byrne. Bent Larsen wa Denmark alikuwa grandmasta tayari, akacheza ule ufunguzi wa Sisilia uitwao Joka. Fischer alifungua safu ya h, na hatua ya 22 ngome yake ikamla farasi pale h5, ngome kwa farasi, bila kusita. Larsen alijisalimisha hatua ya 31. Hakuna fataki hapa. Ni mtu anayejua anakokwenda tangu hatua ya 17, askari wa h alipoanza kutembea, na yote yanayofuata yanasomeka kama hesabu iliyokwisha kukokotolewa nyumbani.

Kwa kanuni za wakati ule za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kupita Portorož kulimpa cheo cha grandmasta moja kwa moja. Siku hizi vijana hukusanya viwango vitatu, yaani matokeo ya daraja la grandmasta, kwenye mashindano tofauti na kufikisha alama 2500 za ubora wa mchezaji, na Mmarekani Abhimanyu Mishra alimaliza safari hiyo Budapest mwaka 2021 akiwa na miaka 12 na miezi minne. Mwaka 1958 aliyeshika rekodi kabla ya Fischer alikuwa Boris Spassky, aliyekipata cheo akiwa na miaka 18. Rekodi ya Fischer ilikaa hadi 1991, Judit Polgár wa Hungaria alipoivunja.

Fischer alikuwa na miaka 15 na nusu. Mashindano yalipokwisha, alirudi Brooklyn, akaingia tena darasani Erasmus Hall.