Mnapigilia Mabati, Maji Mmemwachia Nani?

Msimu wa vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, na mara nyingine unaingia Mei. Kila ukifika, simu yangu hapa Dodoma hujaa ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu na jamaa wa Lindi, Kilwa na Mafia: nyumba ni ya tofali za saruji, kenchi nimezifunga kwa waya, bati halitoki, sasa nihame kwa nini? Kazi yangu ni kufundisha maandalizi ya maafa, na hoja hii imenichosha. Kufunga kenchi kwenye linta, boriti ya zege iliyo juu ya ukuta, ni jambo jema, lifanyeni. Lakini wanaokufa kwenye kimbunga, wengi wao wanauawa na maji.

Machi 2019 kimbunga Idai kilipoingia Beira, Msumbiji, upepo uliezua mapaa kweli. Kisha mito Buzi na Pungwe ikafurika, bara ikageuka ziwa, na watu wakakaa juu ya miti wakisubiri kuokolewa. Machi 2023 kimbunga Freddy kiliua mamia ya watu Malawi, wakiwemo wengi wa Blantyre, mji wa milimani ulio mbali kabisa na bahari. Wengi wa huko walifukiwa na maporomoko ya udongo yaliyoletwa na mvua. Na Mei 2024, Hidaya ilipofika kwetu, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vipeperushi vyetu hulipitia juu juu. Kimbunga huikusanya bahari na kuisukuma nchi kavu. Bahari huumuka, na wimbi huja juu ya maji yaliyokwisha kupanda. Iwapo maji hayo yataishia ufukweni au yataingia chumbani kwako, inategemea sana saa yatakayofika. Pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, hupita mita tatu. Bahari ikiumuka mita moja na nusu maji yakiwa yamepwa, pengine usione kitu. Ikiumuka hivyo hivyo bamvua ikiwa imejaa, mtaa mzima wa chini unazama. Wavuvi wanajua kwamba siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Basi tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, mwulize mzee wa bandarini: tuko bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi sana? Swali hilo lina uzito kuliko idadi ya misumari.

Tena angalia kitovu kinapita wapi. Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki, walio kusini mwa kitovu hupigwa na upepo utokao baharini, na hao ndio wanaoletewa maji. Walio kaskazini yake upepo wao hutoka bara. Kwa hiyo kijiji kilicho umbali uleule na chako kinaweza kupona nawe ukafurikiwa. Na upepo ukitulia ghafla, usitoke: huenda jicho, yaani kitovu tulivu cha kimbunga, liko juu yako, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Hapa kuna jambo linaloninyima usingizi. Aprili 2021 tuliwatahadharisha watu juu ya kimbunga Jobo, nacho kikafifia kabla ya kutua. Tangu hapo wapo wanaonijibu, "Mlisema hivyo hivyo mwaka ule." Nikimhimiza bibi wa miaka themanini ahame usiku kwa bodaboda kwenye mvua, naye ana presha, nami najua kimbunga kinaweza kugeuka, sina hakika kila mara kama namsaidia. Walio mabondeni na ufukweni nawaambia wahame. Mwenye nyumba imara mwinukoni, mbali na mto na mteremko wa udongo, namwacha abaki.

Yaliyobaki mnayajua: mitumbwi ivutwe juu mapema na asibaki mtu kuilinda, madumu yajazwe, simu zichajiwe, vyeti na dawa viwe kwenye nailoni. Maji yakishuka, kisima kilichofunikwa na mafuriko kimeingiwa na uchafu wa vyoo hata kama kinaonekana safi. Beira walipata kipindupindu ndani ya wiki chache baada ya Idai. Chemsheni, hata ya kupigia mswaki.