Njia fupi ya Machu Picchu, kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye mfongo

Kila nikisema nimepanda mlima huko Peru, wenzangu wa Marangu huuliza neno moja tu: "Mita ngapi?" Nikitaja kama 2,720, kicheko. Hiyo si Mandara? Kambi ya siku ya kwanza Kilimanjaro, mgeni bado ana hamu ya kula na anampiga picha kila mbega anayepita. Hawajakosea. Inti Punku, yaani Mlango wa Jua, ndiyo sehemu ya juu kabisa ya njia fupi ya Wainka, watu wa kale wa Peru, iendayo kwenye magofu ya mji wao wa Machu Picchu, na iko karibu kimo kimoja na vibanda vya Mandara.

Ila wasicheke sana. Nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka kumi na sita, na safari hii kichwa kilinipasuka nikiwa kitandani, hotelini, Cusco.

Hesabu yake ni hii. Lima iko pwani. Unapanda ndege, hata usingizi haujakolea mnatua Cusco, mita 3,400 hivi. Sisi kwa njia ya Marangu tunaanza geti chini kidogo ya mita 1,900, tunalala Mandara 2,720, kesho yake ndiyo Horombo 3,720. Ukitua Cusco umeshaipita Mandara na unakaribia Horombo, wala hujatembea hatua moja. Mwili haujapewa taarifa. Usiku wa kwanza nilihema kama mbwa wa jua kali, mimi niliyezoea kuwaambia wengine "pole pole, kunywa maji". Niliona aibu hata kumweleza mhudumu wa mapokezi.

Kwa hiyo kama unapanga safari hii, pindua ratiba. Ukitua Cusco usilale pale. Chukua gari moja kwa moja uteremke Bonde Takatifu mpaka Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, ulale usiku mmoja au miwili. Tembea njia fupi, ione Machu Picchu ambayo iko chini zaidi, mita 2,430, ndipo urudi kuitalii Cusco mwili ukiwa umeshazoea. Wengi hufanya kinyume, kisha wanailaumu njia. Chai ya majani ya koka utaletewa kila mahali, ni halali huko na inapasha mwili moto. Usiweke hata jani moja begini kurudi nalo. Huku nyumbani hakuna atakayekuelewa uwanja wa ndege.

Sasa njia yenyewe. Reli ya kwenda Machu Picchu huhesabiwa kilomita kuanzia Cusco, na vituo vya wapanda milima huitwa kwa namba hizo. Wa njia ndefu ya siku nne hushuka kilomita ya 82, hutembea zaidi ya kilomita 40 na kuvuka kipito cha mlima cha Warmiwañusqa, mita 4,215. Sisi wa njia fupi tulishuka kilomita ya 104. Usitegemee kituo cha maana. Treni inasimama, unaruka na begi lako, treni inaondoka, mnabaki wachache kando ya mto Urubamba unaonguruma. Ukisinzia umepitilizwa.

Unavuka daraja la waya la watembea kwa miguu, halafu kibanda cha ukaguzi. Hapa ndipo jasho langu la kwanza lilipotoka. Kibali hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, idadi yake kwa siku ina kikomo, na hakihamishiki kwenda kwa mtu mwingine. Pasipoti yangu ina majina matatu kama ya Mtanzania yeyote. Aliyeniuzia safari aliandika mawili, tena ameyageuza. Ofisa akatazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama karatasi. Mwenyeji wangu akaongea Kihispania kirefu, wakalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu, nikapita. Ukikata kibali, lala macho kwenye jina lako mpaka liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti.

Nasema "mwenyeji wangu" kwa makusudi. Sheria ya Peru haikuruhusu kuingia njia hii bila mwongozaji wa huko mwenye leseni, na cheti changu cha Kilimanjaro hakina kazi pale. Nilikuwa mgeni, na nilifurahi kuwa mgeni. Yeye ni Mkechua, mmoja wa wenyeji wa milima ya Andes, mtoto wa wakulima. Tulielewana haraka tulipoanza kuzungumza habari za mizigo: kule sheria ya mwaka 2001 ilimwekea mpagazi kikomo cha kilo 20, kilo zilezile tunazowapimia wagumu wetu getini. Tofauti ni kwamba njia fupi haina wagumu. Kupiga kambi hairuhusiwi, usiku unalala mjini Aguas Calientes, chini ya Machu Picchu, kwenye kitanda chenye shuka, kwa hiyo begi la mgongoni ni koti la mvua, maji, chakula cha mchana na tochi.

Hatua chache tu baada ya ukaguzi kuna magofu ya kwanza, Chachabamba. Watu wengi wanapita wakikimbilia mlima. Simama. Kuna jiwe kubwa la ibada katikati, na kulizunguka kuna vibirika 14 vya mawe vilivyokuwa vikiletewa maji kwa mifereji, mingine imepita chini ya ardhi. Mwenyeji wangu alitaka kunieleza habari za ibada. Mimi nilikuwa nimeshachutama, natafuta maji yaliingilia wapi.

Lazima nijieleze. Nimekulia kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachaga. Kwetu Uchagani mfereji unachepushwa kutoka korongoni juu kabisa, unazungushwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, unafika kihambani, shamba la nyumbani, ukiwa bado na nguvu. Ukiuinamisha sana, maji yanakula udongo na mfongo unabomoka. Ukiuinamisha kidogo mno, yanalala na kuacha matope. Babu yangu hakuwa na kipimo. Alikuwa na jicho. Basi mtu wa namna hiyo ukimpeleka Peru, wenzake watashangaa mawe yaliyokatwa yakakaa pamoja bila saruji, na yeye atauliza habari za mfereji.

Kutoka hapo ni kupanda, kama saa tatu, ubavu wa mlima ulio wazi kwa jua. Unaanzia mita 2,100 hivi na kufika 2,650. Mguu wa Kilimanjaro hautasumbuka. Goti litasumbuka kwenye ngazi, kwa sababu Wainka walijenga barabara kwa ajili ya watu na llama, mnyama wao wa mizigo. Gurudumu hawakulitumia, farasi hawakuwa nao, na penye mwinuko mkali waliweka ngazi tu badala ya kuzungusha. Njia hii ni kijipande cha Qhapaq Ñan, mtandao wa barabara unaopita kilomita 30,000, kuanzia Colombia mpaka Chile na Argentina. UNESCO iliuandikisha mwaka 2014 kwa nchi sita pamoja.

Halafu Wiñay Wayna. Kama nusu ya siku yako itaharibika, iharibike mahali pengine, siyo hapa. Jina ni la Kikechua, "kijana daima", nalo ni jina la okidi inayoota maeneo hayo. Matuta ya mawe yamejipinda kwa kufuata umbo la mlima, tuta juu ya tuta, nyumba juu na nyumba chini, na kati yake ngazi ndefu inayoshuka sambamba na vibirika vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, maji yakitoka hiki yanaangukia kile. Msafara wa mtafiti Paul Fejos ulipafikia mwanzoni mwa miaka ya 1940, karibu miaka thelathini baada ya Mmarekani Hiram Bingham kuonyeshwa Machu Picchu na mkulima Melchor Arteaga, Julai 24, 1911. Nasema kuonyeshwa. Kulikuwa na familia zinalima pale pale kwenye matuta.

Tulikula mchana tumeegemea ukuta wa tuta. Mwenyeji akasogeza majani kwa kidole akanionyesha tundu mraba kati ya mawe, upana wa kiganja. "Weka mkono." Ndani kulikuwa na ubaridi na unyevu, japo mvua haikunyesha kwa siku kadhaa. Tuta la Wainka si udongo uliozuiwa na ukuta. Chini kabisa kuna mawe makubwa, juu yake kokoto, juu yake mchanga, mwisho ndipo udongo wa shamba. Maji ya mvua yanashuka taratibu, yanatokea tunduni, ukuta hausukumwi. Huko mvua kwa mwaka ni karibu milimita 2,000, kwenye mlima mkali wa mawe yenye nyufa. Mhandisi wa maji Kenneth Wright na wenzake, walioichunguza Machu Picchu kwa miaka, walikadiria kwamba asilimia 60 hivi ya kazi ya ujenzi iko chini ya ardhi: misingi na mitaro. Tunayopiga picha ni iliyobaki.

Unataka ushahidi? Januari 2010 mvua kubwa ilifagia reli bondeni, maelfu ya watalii wakakwama Aguas Calientes, wakatolewa kwa helikopta. Magofu juu hayakupata madhara ya maana. Reli ya juzi iliondoka, matuta ya miaka mia tano na zaidi yakabaki.

Kutoka Wiñay Wayna njia inakuwa rahisi, kivuli cha msitu wa mawingu, ukungu, mara kifungu cha ngazi kali kiasi cha kutambaa kwa mikono. Ukizishinda ngazi hizo, umefika Inti Punku. Tulifika tukaona weupe mtupu. Binti mmoja kutoka kundi jingine alikaa chini akalia kwa hasira. Tulisubiri kama dakika arobaini, ukungu ukapasuka upande mmoja tu, nikaona nusu ya mji na barabara ya mabasi inavyojikunja mlimani kama utumbo. Kisha ukafunga. Kwangu ilitosha, maana siku ya pili ndiyo ya kuingia ndani kwa basi la alfajiri, kwa tiketi yenye saa yake na mzunguko wake.

Kwa siku hiyo ya pili nina jambo moja tu la kuongeza, mengine mwongozaji atakupa. Tafuta chemchemi za mawe. Zipo 16, zinafuatana kushuka ngazi, na zinalishwa na mfereji wenye urefu wa mita 749 unaotoka kwenye chemchemi ya asili mlimani. Upana wake hauzidi kiganja kilichotanuliwa. Mdomo wa kila chemchemi umechongwa ili maji yaruke mbele kidogo yaingie sawasawa kwenye shingo ya mtungi, yasitambae ukutani. Nilisimama pale mpaka mlinzi akanipungia mkono nisogee, watu wanasubiri.

Nilirekodi video, nikamtumia baba mdogo, ambaye ndiye anayesimamia zamu za mfongo wetu. Alijibu jioni kwa ujumbe wa sauti. Hakuuliza habari za mfalme wala mawe. Aliuliza: "Hiyo ya juu kabisa, ya kwanza kupata maji, ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia iko jirani na nyumba inayosemekana ilikuwa ya mfalme mwenyewe.

"Ehee," akasema. "Na wa kumi na sita je, alikuwa analalamika kwa nani?"