Nguzo za pangoni hazioti kama uyoga

Hapa Ujiji nimesikia tangu utotoni kwamba mawe huota, na nguzo za pangoni huchomoza ardhini kama uyoga. Iliyo ndefu ndiyo kongwe. Sivyo. Hujengwa kutoka juu: maji ya mvua hupenya mwamba wa chokaa, hudondoka, na kila tone huacha chokaa kidogo, kama ukoko mweupe ndani ya birika. Kasi hubadilika, hata kusimama kabisa, hivyo urefu hautoshi kutaja umri. Umri hupimwa kwa urani, metali iliyomo kidogo ndani ya jiwe, inayogeuka polepole kuwa thori, metali nyingine.

Linalonivutia zaidi ni oksijeni iliyomo katika kila tabaka: hubeba alama ya mvua ya enzi zake. Nguzo za mapango ya China, likiwemo la Sanbao, zikiunganishwa, husimulia monsuni, yaani pepo za msimu ziletazo mvua, ya miaka 640,000.