Breka Hailindi Taa, Inalinda Waya

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mama mmoja mfugaji wa kuku wa Ngaramtoni, kwamba breka ya taa (swichi ya usalama inayojikata yenyewe umeme ukizidi) inayojikata kila jioni ni dhaifu na dawa yake ni kufunga kubwa zaidi. Fundi aliyenitangulia alikwisha kuondoa ya ampea 10 na kufunga ya 20, na kwa kuwa taa hazikuzimika tena, kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika. Nimechoka na imani hii. Breka haikuwekwa pale kwa ajili ya taa. Imewekwa kwa ajili ya waya uliopita darini, na ni waya huo unaoamua ukubwa wake.

Hesabu yenyewe ni fupi: jumla ya wati gawanya kwa volti 230, unapata ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme unaopita kwenye waya. Nyumba ile ina holda 14 zenye balbu za LED za wati 9, yaani wati 126, sawa na nusu ampea hivi. Banda la vifaranga lina taa 6 za joto, kila moja wati 250, nazo zimeunganishwa kwenye saketi hiyohiyo, yaani njia moja ya waya chini ya breka moja. Mpaka hapo ni ampea 7, na breka ya 10 imetulia. Kisha, kwa baridi ya Julai, hita ya wati 2000 ikachomekwa kwenye soketi ya chumbani iliyotolewa kwenye waya wa taa, na jumla ikafika ampea 15.8. Breka iliyojikata ilikuwa inatimiza wajibu wake.

Hapa naomba msomaji asiharakishe, maana hata mafundi wengi hudhani breka ya 20 hukata mara tu mkondo unapofika 20. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka za nyumbani, IEC 60898, breka ya nyumbani haitakiwi kujikata ndani ya saa moja ikiwa mkondo ni mara 1.13 ya namba iliyoandikwa juu yake. Inalazimika kujikata ndani ya saa hiyo pale tu mkondo unapofika mara 1.45. Ya ampea 20, basi, huvumilia 22.6 saa nzima na hulazimika kukata kwenye 29. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kama ule wa taa, uliopitishwa kwenye bomba ukutani hubeba ampea 17.5 endapo hewa inayouzunguka ina joto la nyuzi 30. Hewa ya darini chini ya mabati ikifika nyuzi 50, waya hubeba kidogo zaidi: zidisha kwa 0.71, utabaki na 12.4. Waya huo ulikuwa unabebeshwa 15.8 huku breka ya 20 ikiona hali ni shwari. Haukuwaka usiku ule. Plastiki yake hukauka polepole, hupasuka kwenye maungio, na ucheleweshaji huo ndio unaofanya watu waamini kwamba hakuna kilichoharibika.

Kuna mambo mawili yanayonitia shaka katika hesabu yangu. Kutumia nyuzi 50 kunaweza kuwa ukali uliopita kiasi, kwa kuwa taa za nyumba huwashwa usiku, na dari za Arusha usiku ni baridi. Lakini taa za vifaranga huwaka mchana pia. Tena nimezoea kuhesabu wati 100 kwa kila holda, kama tulivyofundishwa enzi za balbu za nyuzi, ingawa leo ninazikuta za wati 9. Nasita kuacha, kwa sababu mpangaji hubadilisha balbu bila kumuuliza fundi, na holda nyepesi ya plastiki haiwezi kustahimili balbu ya wati 250.

Banda nililivutia saketi yake kwa waya wa 2.5 na breka ya ampea 16, na holda zake nikaweka za kauri. Soketi ya hita niliihamishia kwenye saketi ya soketi, kisha nikairudisha breka ya 10 mahali pake.