Kwa nini mgonjwa wa botulizimu huwa na akili timamu ilhali kope zake hazifunguki?

Mtu anafikishwa katika chumba cha dharura akiona vitu viwili viwili, kope zimeshuka, sauti inatokea puani na mate hayamezeki, lakini hana homa, anajibu kila swali sawasawa, na ukimgusa mguuni anahisi. Hizo ndizo dalili za botulizimu, ugonjwa unaosababishwa na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Sumu hiyo huzuia miisho ya mishipa ya fahamu isitoe asetilikolini, kemikali inayoiamuru misuli ijikunje, wala haigusi fikra. Ndiyo maana mgonjwa hufahamu kila kitu huku mwili ukilegea, kuanzia machoni na usoni, kisha shingoni na mikononi, hadi kwenye misuli ya kupumua.

Ulegevu huo unaoshuka kutoka juu, tena pande zote mbili kwa usawa, humsaidia daktari kuutofautisha na kiharusi, ambacho aghalabu hushika upande mmoja, na ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu, na ambao mara nyingi huanzia miguuni. Linalotisha zaidi ni kwamba anayeishiwa pumzi huenda asionekane kuhangaika, maana uso wenyewe umepooza. Njia moja rahisi ya kumfuatilia ni kumtaka ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja, kila baada ya muda mfupi. Hesabu ikizidi kupungua, mashine ya kupumulia iandaliwe mapema.

Dawa ya kukinza sumu, yenye kingamwili (protini za kinga) za farasi, hunasa sumu ambayo bado imo kwenye damu, lakini iliyokwisha kuingia kwenye mishipa ya fahamu haiwezi kuiondoa, na misuli iliyopooza hurejea polepole kwa wiki au miezi. Kwa hiyo kungoja majibu ya maabara ni kumpotezea mgonjwa misuli ambayo ingeokolewa.

Aprili 2015, mjini Lancaster, Ohio, Marekani, watu 77 walikula pamoja kanisani; 29 waliugua na mmoja akafariki. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi vilivyosindikwa nyumbani kwa maji ya kuchemka bila presha, na joto hilo haliui mbegu (spora) za bakteria huyu, ambazo baadaye huweza kuota na kutoa sumu. Nchini Kenya, mlipuko ulioripotiwa mwaka 1980 ulitokana na kumbikumbi. Vyakula ni tofauti kabisa, na ndiyo sababu daktari hana budi kuuliza mapema mgonjwa alikula nini, na nani mwingine alikula naye, kwani huenda huyo bado yuko nyumbani, kope zikianza kuwa nzito.