Je, wajua kwa nini deni la mashine ya kusaga linaweza kuuza Hiace?

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Mwanza. Ana mashine ya kukoboa na kusaga, ana duka la vifaa vya shule, na ana Hiace inayokwenda Magu. Kila biashara ina kibao chake na cheti chake cha jina kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni. Msimu mmoja akachukua mahindi ya shilingi milioni 18 kwa mali kauli (mzigo kwanza, malipo baadaye), mvua ikayakuta nje, mzigo ukaoza. Mwenye mahindi akamshitaki na kushinda, na dalali wa mahakama akaja kukamata Hiace. Mama akapiga kelele kwamba Hiace ni biashara nyingine kabisa, ina hadi jina lake!

Kwa bahati mbaya, sheria haioni biashara tatu hapo, inamwona mama. Kusajili jina la biashara ni kuandikisha tu kwamba fulani anafanya biashara akitumia jina fulani. Hata hati ya madai husomeka hivyo: jina la mtu, kisha "anayefanya biashara kwa jina la" na jina la kwenye kibao. Vibao vikiwa kumi, mdaiwa bado ni mmoja, na karibu kila alicho nacho kinaweza kufuatwa kwa deni lolote kati ya hayo.

Kampuni ni jambo jingine. Kampuni ikishasajiliwa inakuwa mtu mbele ya sheria: inamiliki mali, inakopa, inashitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Msingi huu uliwekwa wazi na kesi ya Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London. Mwaka 1892 aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwenyewe. Yeye alichukua hisa 20,001. Mkewe, binti yake na wanawe wanne wakapata hisa moja moja. Kampuni ikaanguka haraka, na mfilisi, yaani aliyepewa kazi ya kuifunga na kukusanya mali yake, akataka Salomon alipe madeni ya kampuni. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa: kampuni ni mtu mwingine, hata kama karibu hisa zote ni za mtu mmoja. Kanuni hiyo ilikuja Tanganyika pamoja na sheria za Kiingereza, na ndiyo inayotumika hadi leo.

Sasa mama wetu afanyeje? Akiweka biashara zote tatu ndani ya kampuni moja, nyumba yake ya kupangisha na kiwanja chake vinakuwa salama zaidi, lakini mashine, duka na Hiace bado viko kapu moja: deni la mahindi litaikuta Hiace palepale. Akifungua kampuni tatu, kila moja inabeba mzigo wake. Njia ya tatu ni kampuni mama inayomiliki hisa za kampuni nyingine zilizo chini yake, yaani kampuni tanzu. Mara nyingi jengo na kiwanja hukaa kwa kampuni mama, nazo tanzu zinapanga.

Ulinzi huo una gharama zake, na ni za kila mwaka. Kila kampuni ina TIN yake (namba ya mlipakodi), ritani zake za kodi kwa TRA, mamlaka ya mapato, taarifa ya mwaka BRELA na mahesabu yanayohitaji mtaalamu. Mfanyabiashara mdogo mwenye jina la biashara tu anaweza kukadiriwa kodi kwa mauzo yake. Kampuni hainufaiki na utaratibu huo, nayo hulipa asilimia 30 ya faida. Kuna jingine ambalo watu hawaambiwi mapema: hasara ya kampuni moja haipunguzi kodi ya kampuni nyingine, hata kama zote ni zako. Hiace ikipata hasara na duka likapata faida, duka litalipa kodi yake kamili.

Ndiyo maana simshauri mtu mwenye duka la daftari na kalamu akimbilie kampuni tatu. Ningeanza na biashara yenye hatari kubwa, ile inayochukua mali kauli au inayobeba abiria, niipe kampuni yake peke yake. Duka libaki na jina la biashara mpaka litakapokua. (Leseni ni suala la pembeni: kila biashara na kila eneo vinahitaji leseni yake, umiliki uwe wa namna yoyote.)

Ukuta huo wa kampuni hutobolewa mara nyingi na mwenyewe. Benki ikiikopesha kampuni changa, kwa kawaida humtaka mkurugenzi asaini dhamana binafsi, na akishasaini, deni lile linamfuata yeye mwenyewe. Isome karatasi hiyo polepole, uulize ina kikomo cha kiasi gani. Pia kuna kuchota mauzo ya Hiace jioni ukalipie mzigo wa duka bila kuandika popote. Fedha zikichanganyika hivyo, mdai ana pa kuanzia anapodai kwamba kampuni ni kivuli chako tu.

Na kuna kadi ya gari. Mama anaweza kuwa na cheti cha kampuni, katiba ya kampuni na akaunti mpya benki, huku kadi ya Hiace ikiwa bado na jina lake. Dalali wa mahakama akija, hiyo ndiyo karatasi atakayoomba kuiona.